Biti Mmekuja Nayo?

"Biti mmekuja nayo kwenye flashi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la prodyuza.

Tulikuwa wanne mlangoni pake, bendi ya panki, jasho linatutoka na baridi yote ile ya Julai. Nyuma yetu mkokoteni umebeba seti nzima ya dramu za kwaya. Tulikuwa tumeusukuma kutoka Soweto hadi Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, alfajiri, kiki, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, tumeifunika kanga ya mama yake mpiga besi isiingie vumbi. Kaka wa watu aliziangalia dramu, akatuangalia sisi, akageuka kuangalia studio yake: chumba cha duka, dirisha limezibwa kwa godoro, trei za mayai kuta nzima. Pale msanii wa Bongo Fleva alikuta biti iko tayari kwenye kompyuta, anaingia na karatasi yake, anaimba, anaondoka. Sijui dramu tulidhani zitakaa wapi.

Ilikuwa 2011, mwaka wa mgao wa umeme. Tulikuwa tumebeba magunia ya viazi Uyole msimu mzima kupata laki moja na ishirini, bei ya nyimbo tatu. Jina la bendi silitaji. Mama yangu bado yupo, na hajasahau.

"Panki ndiyo nini?"

Nikamwekea Ramones, bendi ya panki ya Marekani, kwenye simu, albamu yao ya kwanza ya 1976, nyimbo 14 ambazo zote kwa pamoja hazifiki nusu saa. Akasikiliza mmoja. "Hii imeisha au imekatika?" Mpiga gitaa wetu akamjaribu kwa njia nyingine, akamkumbusha Paul Ngozi wa Zambia, lile gitaa la miaka ya 70 linalokwaruza kama bati linaburutwa barabarani. Kanda zake wajomba zetu wa Tunduma walikuwa nazo. Hapo kaka akacheka. "Aaa, kumbe mnataka uchafu!"

Saundi kadi yake ilikuwa na matundu mawili, kwa hiyo ni maiki mbili tu kwa wakati mmoja. Moja akaiingiza kwenye kiki, ya pili akaining'iniza juu ya mpigaji kwa kamba ya kuanikia nguo. Gitaa, besi na sauti yangu vingefuata baadaye, kimoja kimoja. Ili mpiga dramu asipotee akavalishwa hedifoni zenye klik, mlio wa kuhesabu mapigo. Prodyuza akaweka mapigo 90 kwa dakika. Tukamwambia apandishe. Akaweka 120. Apandishe tena. Alipofika 190 akaachia mausi.

"Madogo, mnakimbizwa na nani?"

Klik ilitumaliza. Mpiga dramu wetu alijifunzia kanisani, na kanisani unafuata watu wanaoimba, wakichangamka na wewe unachangamka. Sasa anaambiwa amfuate mdudu anayelia tik tik sikioni. Kila tukikaribia kiitikio anaipita klik kama Hiace inavyopita lori Mlima Nyoka. Tukarudia. Tukarudia tena. Kwenye mara ya kumi na kitu ukuta ukagongwa kutoka saluni ya jirani: "Jamani wanangu, huku nina mteja mjamzito!"

Saa sita na nusu mchana umeme ukakatika. Mpaka muda huo hatukuwa na hata robo ya wimbo.

Studio haikuwa na jenereta. Saluni ilikuwa nayo. Nikatumwa mimi, eti nina uso wa huruma. "Shikamoo mama." Mama wa Kinyakyusa, ana chanuo mdomoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kulitoa, kisha akataja masharti: petroli lita mbili, waya upite dirishani, na draya ikiwaka sisi tuzime, maana jenereta lake haliwezi vyote viwili.

Ndiyo ikawa tunasubiri vichwa vya watu vikauke. Kati ya kichwa na kichwa tulipata dakika kama kumi, na dakika kumi si muda wa klik. Prodyuza akaizima. Maiki ya kiki akaitoa, akailaza sakafuni katikati ya chumba. Ya pili akanipa mimi mkononi.

"Pigeni wote pamoja. Atakayekosea asisimame."

Sauti zilivuja kila mahali. Snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, imo kwenye maiki yangu, makelele yangu yamo kwenye maiki ya sakafuni, hakuna ambacho kingetenganishwa wala kunyooshwa baadaye. Dakika 1 na sekunde 52. Kwenye ubeti wa pili mpiga besi anapotea, kisha anarudi kwa kuruka kama mtu anayedandia daladala. Na chini kabisa, tangu mwanzo hadi mwisho, jenereta linanguruma karibu noti moja na besi. Mimi nalipenda lile jenereta kuliko gitaa. Mpiga gitaa hajawahi kukubali.

Draya ikawaka tena, na muda wetu ukaishia hapo. Nyimbo mbili zilizobaki hazikurekodiwa, hela haikurudi. Mama wa saluni tulimpelekea petroli yake, akasema "ndaga fijo", asanteni sana kwa Kinyakyusa, bila kutuangalia.

Dramu tulizirudisha jioni, kabla ya mazoezi ya kwaya. Tulikuwa tumeaga kwamba tunakwenda kurekodi, hatukusema kurekodi nini. Mwalimu wa kwaya akapitisha kidole kwenye ngozi ya snea, taratibu, akihesabu mabonde. Akanitazama.

"Hili lilikuwa pambio gani?"