Kesi ya Doriani

Nyumba ya wakwe zangu iko upande wa Kizimbani, Unguja, kwenye mikarafuu, na ina sheria moja ambayo hakuna aliyenidokeza siku ya posa: doriani, lile tunda la miba lenye harufu kali, halivuki kizingiti. Baba mkwe anaweza kuacha chai na mkate wa kumimina akisikia limeanguka moja shambani. Mama mkwe hataki hata litajwe watu wakiwa wanakula. Watoto wamegawana pande, na mke wangu yuko upande wa mama yake, tena mstari wa mbele. Sisi watu wa bara tukivuka bahari tunadhani kila Mzanzibari analila, na kwamba ni mgeni tu anayeziba pua. Wapi! Ugomvi wa doriani ni wa wenyewe kwa wenyewe, na unapita katikati ya sinia.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimekulia jirani na dagaa walioanikwa, na harufu inayomfanya abiria mgeni afunge dirisha la gari, sisi tulicheza gololi ndani yake tangu asubuhi hadi magharibi. Kwa hiyo nilipokuwa nasikia habari za doriani mjini nilizipuuza. Nilijua pua yangu imeshafuzu.

Tulikwenda Kizimbani miezi michache baada ya harusi, ziara yangu ya kwanza ya kulala. Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Wanawake walikuwa jikoni na wali wa nazi, mimi nimekaa ukumbini na adabu zangu zote, miguu pamoja, mikono magotini, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuwa mkwe mgeni. Ghafla nikasikia harufu ya gesi.

Si harufu ya kubahatisha. Gesi kabisa, ile ya mtungi uliofungwa vibaya. Niliita, "Zimeni jiko! Msiwashe kibiriti!" na kabla sijajibiwa nilikuwa nimeshaingia jikoni kwa mama mkwe, mahali ambapo sikuwa na ruhusa hata ya kuchungulia. Nikazima jiko, nikafunga koki, nikaukumbatia mtungi mzimamzima nikautoa uani kwenye mvua. Niliporudi, nimelowa chapachapa, nilitegemea kuambiwa ahsante. Mama mkwe alikuwa amesimama na mwiko mkononi, kanga imeshuka begani, ananusa. Harufu ilikuwa palepale. Macho yake yakaenda taratibu mpaka kwenye mlango wa stoo.

"Bwana wee!" aliita kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. "Umeliingiza ndani?"

Barazani, tasbihi ya baba mkwe ikanyamaza.

Lilikuwa nyuma ya gunia la mchele, limeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Mzee alikuwa amelificha humo kwa sababu banda la uani linavuja na hakutaka lilowe. Siku mbili nzima alikuwa salama, na hapana shaka angebaki salama lau asingepata mkwe mwenye pua ya Ujiji.

Nijitetee kidogo. Mwezi Aprili 2018 chuo kikuu kimoja mjini Melbourne, Australia, kiliwatoa watu kwa mamia kwenye jengo, wazimamoto wakaingia na vifaa vyao wakitafuta gesi, kumbe ni doriani limeozea kabatini. Mwaka uliofuata ikatokea tena, safari hii maktaba ya chuo huko Canberra. Na kuna sababu. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu ya maana. Hutiwa kemikali yenye salfa makusudi ili ikivuja watu washtuke. Doriani linatengeneza kemikali za ukoo huohuo wa salfa lenyewe, tena nyingi. Pua yangu haikudanganya hata kidogo. Ilitaja ukoo, haikutaja jina.

Hukumu ilitoka palepale: mzee na tunda lake, bandani. Baba mkwe hakubisha. Alijifunika mwavuli, akalipakata doriani kwa kikoi miba isimchome, akafika mlangoni akageuka.

"Haya. Lakini mkwe wangu naye aje. Shahidi haendi kula wali kabla hajakiona kidhibiti."

Nilimtazama mke wangu aniokoe. Alikuwa ameziba pua na pembe ya mtandio, anacheka mpaka machozi.

Bandani kulikuwa na taa ya chemli, mkeka na panga dogo. Bibi, mama yake baba mkwe, alikuwa ameshatangulia. Mtu yule hatoki kitandani kwa ajili ya daktari, lakini kwa doriani alivuka uwa kwenye mvua. Mzee aligeuza tunda kitako juu, akanionyesha mistari hafifu inayopita katikati ya miba, mstari ambao mimi mwenyewe nisingeuona hata mchana. Akachomeka ncha ya panga pale mistari inapokutana, akasokota kidogo, ganda likaachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanika. Ndani mna vyumba vitano vyeupe, kila kimoja kimelaza kokwa zake zilizovaa nyama ya rangi ya siagi. Harufu ikatoka yote kwa pamoja. Macho yalinitoka maji, wallahi.

"Hili limeanguka lenyewe," alisema kwa fahari. "Doriani halikungojei, wewe ndiye unayelingojea. Huanguka usiku, na ole wake atakayekuwa amekaa chini." Hilo ni kweli tupu: tunda lina kilo mbili tatu na miba pande zote, na mti wenyewe ni mrefu kupita minazi mingi. Thailand wanakolilima kwa ajili ya kuuza nje hukatwa mtini. Malaysia wengi husubiri lianguke, kama baba mkwe. Maua yake hufunguka jioni, na popo ndio wanaoyachavusha. Tangu nijue hilo nimeacha kuwatukana popo.

"Usinuse. Kula," alisema bibi. "Na usimtazame mkeo, mume wangu, huyo mchoyo wa raha."

Nikashika kokwa moja. Juu ina ngozi nyembamba kavu, ukiibonyeza kidole kinazama. Nikatia mdomoni na pumzi nimeikata. Kwanza utamu, halafu mafuta, halafu kitu cha korosho, na nyuma ya vyote hivyo kitunguu. Ilikuwa faluda ambayo mpishi amekosea akaikamilisha kwa kitunguu cha kukaanga. Nilipovuta pumzi, pua ikapiga kelele tena, lakini mdomo ulikuwa umeshakubaliana na mzee. Sijui namna nyingine ya kueleza. Watu wawili ndani ya kichwa changu walikuwa wanabishana, na aliyekuwa anatafuna hakuwa na haja ya kusikiliza.

Nikachukua kokwa ya pili bila kuombwa. Bibi akapiga kigelegele.

Baadaye nilikuja kusoma kuwa Alfred Russel Wallace, yule Mwingereza aliyezunguka visiwa vya Malay karne ya 19 akichunguza wanyama na ndege, alishindwa kulionja doriani kule Malacca, harufu ilivyomkifu ndani ya nyumba. Alipofika Borneo akalikuta lililoiva limelala chini, akalila hapohapo nje, na akawa mlaji wa kutupwa. Nilipomhadithia mama mkwe alinijibu neno moja tu: "Nje!" Akaona kesi imefungwa.

Tulipomaliza, mzee alimimina maji kwenye ganda tupu tukanawa humo, maana wanasema ndiyo njia ya kuondoa harufu mikononi; Malaysia nao hufanya vivyo hivyo. Mikono ilitoka safi. Tatizo la doriani ni kwamba halikai mikononi. Linakaa tumboni, na kila ukicheua linajitambulisha upya. Wali wa nazi niliula nimeketi upande wangu peke yangu, sinia langu peke yangu, na hakuna aliyenisogelea isipokuwa bibi, ambaye alinikonyeza.

Baada ya isha niliingia chumbani. Nilisema "Salaam alaykum," na hiyo ilitosha. Mke wangu aliketi kitandani, akaninyooshea mto na shuka kwa mkono ulionyooka wote.

"Kalale na mwenzako."

Kulala ukumbi mmoja na baba mkwe ni jambo ambalo kwetu Ujiji lingehitaji kikao cha wazee. Nikasimama mlangoni nikijikohoza, natafuta maneno. Mzee alikuwa ameshatandika mikeka miwili, kati yake nafasi ya heshima, na vyandarua viwili vimeshafungwa.

"Umechelewa," alisema. "Mimi nilidhani atakufukuza kabla ya isha."