Kutoka Abbey Road hadi Savile Row: safari ya masikio

Anayekwenda Abbey Road, mtaa wa London wenye studio walimorekodi The Beatles, bendi ya Uingereza, aangalie kwanza jina la kituo. Mashariki mwa London, karibu na Stratford, kipo kituo cha treni za DLR kinachoitwa Abbey Road, na hakina uhusiano wowote na The Beatles. Mashabiki hushuka huko, wakatafuta zebra, kile kivuko cha waenda kwa miguu kilicho kwenye jalada la albamu ya Abbey Road, wasiione, kisha wakalazimika kuvuka jiji zima kurudi upande wa pili. Kituo chenyewe ni St John's Wood, laini ya Jubilee, kinachofuata tu baada ya Baker Street.

Nilishuka hapo Jumapili asubuhi na mapema, kabla magari hayajaongezeka, nikaifuata Grove End Road kwa mwendo wa dakika tano hivi. Kwenye simu nilikuwa na nyimbo za kundi hilo tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na hedifoni zinazotenganisha vizuri sikio la kushoto na la kulia. Hiyo ndiyo zana kuu ya safari hii, maana cha kutazama ni kidogo kuliko cha kusikiliza.

Zebra nisiitilie chumvi. Picha ya jalada ilipigwa tarehe 8 Agosti 1969. Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akazuia magari, zikapigwa picha sita, kazi ikaisha. Wale wanne wanaipa studio kisogo; anayetaka kuiga sawasawa avuke akitokea upande wa studio. Asisimame katikati kujipanga, kwa sababu madereva wa mtaa ule uvumilivu uliwaisha zamani.

Ndani ya jengo mtu wa kawaida haingii. Utaona geti, duka la pembeni, na ukuta ambao mashabiki huuandika majina yao na wenye nyumba huupaka rangi upya kila mara. EMI, kampuni ya kurekodi muziki, waliifungua studio hiyo Novemba 1931, na enzi za Beatles iliitwa EMI Studios. Chumba chao kilikuwa Studio Two, na chumba cha fundi mitambo kiko juu yake, cha kufikiwa kwa ngazi. Kila maelekezo yalishuka kutoka juu.

Hapo ukutani nilianza na Love Me Do, kwa sababu ndiyo yenye ubishi wa kwanza: nani yuko kwenye dramu? Mwaka 1962 waliirekodi mara tatu na wapiga dramu watatu. Tarehe 6 Juni alikuwa Pete Best, 4 Septemba Ringo Starr, na 11 Septemba Andy White, mpigaji wa kukodiwa, huku Ringo akipewa tari. Basi kipimo ni tari. Ukiisikia inalia, hiyo ni rekodi ya White, nayo ndiyo iliyo kwenye albamu ya Please Please Me. Isiposikika, ni Ringo, kama ilivyokuwa kwenye santuri ndogo ya Oktoba 1962. Kanda ya rekodi ya Ringo haikuhifadhiwa, ndiyo maana ilipotolewa upya miaka ya baadaye ilibidi inakiliwe kutoka kwenye santuri.

Jaribio la pili ni I Saw Her Standing There katika stereo ya zamani. Toa hedifoni ya kulia, waimbaji wanapotea na vyombo vinabaki. Toa ya kushoto, waimbaji wanabaki karibu peke yao. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Mashine ilikuwa na traki mbili tu, yaani njia mbili za kurekodia kwenye kanda moja, moja ya vyombo na moja ya waimbaji, na lengo lilikuwa kuzichanganya baadaye ziwe mono, yaani sauti ileile kwenye masikio yote mawili. Kwenye Love Me Do ya zama hizo mbinu hii haifanyi kazi, kwa kuwa kanda zake za traki mbili hazikutunzwa na kilichobaki ni mono.

Traki nne zilikuja Oktoba 1963, na I Want to Hold Your Hand ikawa wimbo wa mwanzo kuzitumia. Hapa ndipo utundu ulipoanza. Ukishajaza traki nne, unazichanganya na kuzihamishia kwenye traki moja au mbili za mashine nyingine, hivyo unapata nafasi ya kuongeza vyombo. Gharama yake ni mbili. Kila uhamisho huongeza mchakacho wa kanda, na ukishachanganya huwezi tena kumpunguza mpiga besi bila kumpunguza mpiga dramu aliye naye. Uamuzi wa saa tano usiku ulikuwa wa kudumu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri kubwa ya mpangilio wao: walilazimika kujua wanachotaka kabla ya kukipiga.

Ile kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya kwanza ya A Hard Day's Night, inayowagombanisha wapiga gitaa hadi leo, inasumbua kwa sababu watu huitafuta ndani ya gitaa moja. George Harrison yuko kwenye Rickenbacker ya nyuzi 12 akipiga F yenye G juu yake, Paul McCartney anaweka D kwenye besi, na George Martin, mtayarishaji wao, yuko kwenye piano. Mpiga gitaa aliye peke yake chumbani hataipata hata akeshe.

Novemba 1966 McCartney alikuwa mapumzikoni Kenya. Tarehe 19 aliruka kutoka Nairobi pamoja na Mal Evans, msaidizi wa kundi, na ndani ya ndege hiyo likaja wazo la bendi ya kubuni lililozaa albamu ya Sgt. Pepper. Siku tano baadaye walikuwa EMI wakianza Strawberry Fields Forever. John Lennon aliupenda mwanzo wa jaribio la 7 na mwisho wa jaribio la 26, ilhali la pili lilikuwa na mwendo wa kasi zaidi na ufunguo wa juu zaidi. Martin na fundi mitambo Geoff Emerick walipunguza kasi ya kanda hiyo. Kanda ikienda polepole sauti nayo hushuka, na kwa bahati tofauti hizo mbili zilikaribiana vya kutosha, wakaikata na kuiunganisha tarehe 22 Desemba. Weka sikio kwenye sekunde ya 60: selo na tarumbeta zinaingia, na sauti ya John inakuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Ukishaisikia mara moja, hutaacha kuisikia.

Kutoka hapo nilipanda Jubilee hadi Bond Street, nikabadilisha kwenda laini ya Elizabeth kituo kimoja hadi Tottenham Court Road, nikatokea mlango wa Dean Street. Ukiteremka Dean Street kuelekea kusini, uchochoro wa St Anne's Court uko kulia. Namba 17 ilikuwa Trident Studios ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Ni uchochoro mwembamba wa kupitisha watu tu, na wengi huupita bila kugeuza shingo.

Beatles walikuja hapa kwa sababu Trident walikuwa na traki nane zinazofanya kazi, wakati mashine ya traki nane ya EMI ilikuwa bado mikononi mwa mafundi wakiikagua. Hey Jude ilirekodiwa hapa tarehe 31 Julai na 1 Agosti 1968, na wanamuziki 36 wa okestra waliombwa pia kuimba na kupiga makofi mwishoni. Kanda ilipopelekwa EMI ilisikika imefifia, haina sauti za juu, kwa kuwa mitambo ya nyumba hizo mbili haikusawazishwa kwa kipimo kimoja. Ilibidi sauti za juu ziongezwe. Karibu na 2:58 sikiliza chini ya waimbaji: kuna mtu anatukana, na haikufutwa. Miaka minne baadaye, saa ambazo wateja wa kulipa hawapo, bendi ya Queen walirekodi albamu yao ya kwanza humohumo, na mwimbaji wao alikuwa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Savile Row ni mwendo wa robo saa kwa miguu: pita Broadwick Street, vuka Regent Street, ingia New Burlington Street. Namba 3, iliyokuwa ofisi ya kampuni yao ya Apple, ndiko Beatles walikopiga juu ya paa tarehe 30 Januari 1969 kwa dakika 42. Usitegemee kuliona paa kutoka barabarani. Hata umati wa siku ile ulisikia bila kuona.

Studio ya chini ya jengo hilo alikabidhiwa Alex Mardas, fundi wao wa vifaa vya umeme, aliyeahidi maajabu. Ukuta kati ya chumba cha wanamuziki na cha mitambo haukuachiwa hata tundu la kupitisha nyaya, na mfumo wa kupasha joto ulikuwa ukinguruma. EMI wakaazimisha mitambo yao. Siku ya paa, nyaya zilishuka hadi kwenye mashine za traki nane huko chini, na maikrofoni zikavalishwa soksi ndefu za kike alizonunua Alan Parsons, fundi msaidizi, asubuhi hiyo ili kuzuia upepo. Billy Preston alikuwa kwenye piano ya umeme.

Katika albamu ya Let It Be, nyimbo za paani ni Dig a Pony, I've Got a Feeling na One After 909. Get Back si ya paani, ingawa wengi wataapa kuwa ni yenyewe. Ilipigwa chini tarehe 27 Januari, na maneno ya Lennon ya kushukuru mwishoni ndiyo yaliyokatwa kutoka paani yakabandikwa. Santuri ndogo ya wimbo huo haina maneno hayo. Humo wimbo unasimama, kisha unaanza tena na kufifia taratibu.