Nilivyopata kazi ya mpishi mkuu Dubai, viza ikiwa juu ya mwajiri

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta viza. Kila nilipoandika "kazi ya mpishi yenye udhamini wa viza" kwenye intaneti, waliojibu walikuwa mawakala wenye kutaka pesa za mbele. Nilipoliacha neno viza na kutafuta cheo chenyewe kwenye kurasa za ajira za makampuni ya hoteli, nikaanza kujibiwa na watu wenye jiko. Hoteli ikishamtaka mpishi mkuu, viza kwao ni makaratasi ambayo idara ya wafanyakazi huyajaza kila siku. Haya nayaandika kwa mtu aliyeko Mombasa, Diani, Malindi au Unguja ambaye tayari anaongoza jiko, au ndiye mkono wa kulia wa anayeliongoza. Ambaye bado yuko kwenye meza ya mboga jikoni, akaze hapo miaka michache kwanza.

Nchi nilizichuja mapema. Uingereza niliifuta. Tangu 22 Julai 2025, viza yao ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa waombaji wapya hudai kazi za kiwango cha shahada, na upishi, hata wa cheo cha juu, umehesabiwa chini ya hapo. Anayekuuzia leo cheti cha udhamini cha mpishi Uingereza anakuuzia upepo. Kanada ni halali ila ni safari ndefu. Mwajiri lazima apate kwanza idhini iitwayo LMIA, ya kuonyesha kwamba hakumpata mtu wa kazi hiyo nchini mwao. Analipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na haruhusiwi kukudai wewe hata senti ya hizo. Kwenye orodha yao ya kazi mpishi mkuu yumo katika namba 62200 na mpishi wa kawaida 63200, kwa hiyo tangazo likisema mpishi mkuu na karatasi zikasema 63200, uliza kabla ya kusaini. Oman ningeiweka ya pili, hasa kwa Mzanzibari mwenye jamaa Muscat. Mimi nilikwenda na Dubai kwa sababu moja: hoteli ni nyingi, na wapishi wakuu huhamahama, basi nafasi hufunguka mwaka mzima.

Vyeti nilivishughulikia kabla ya kutuma ombi lolote, kwa kuwa ndivyo vinavyokwamisha watu wakishapewa ofa. Cheti cha chuo lazima kigongwe mihuri kwa mfululizo: wizara ya elimu au chombo kilichokitoa, kisha Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, na mwisho wizara yao ya mambo ya nje ukishafika kule. Muhuri mmoja ukirukwa, unaofuata haugongwi. Jina nalo ni mtego kwa sisi wa Pwani: pasi inasema Mohamed, cheti kinasema Muhammad, barua ya kazi inasema Mohammed. Kwetu ni mtu mmoja, kwa karani wa ubalozi ni watu watatu. Rekebisha kwa aliyekitoa cheti, mapema, maana chuo hakina haraka yako.

Cheti cha tabia njema huombwa kwa eCitizen, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Waajiri wa zamani niliwadai vyeti vya utumishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inawalazimu kutoa hata kama mliachana kwa ugomvi. Lakini cheti hicho hutaja tarehe na cheo tu, hakisemi kama ulijua kazi, kwa hiyo kando yake unahitaji barua ya meneja mkuu au ya meneja wa vyakula na vinywaji. Cha mwisho ni usalama wa chakula: cheti cha HACCP, yaani utaratibu wa kudhibiti hatari kwenye chakula, ngazi ya 3 ikiwezekana. Manispaa ya Dubai hutaka kila jiko liwe na mtu aliyethibitishwa kuwajibika na usalama wa chakula, na anayekuajiri anajua mtu huyo huenda akawa chini yako au ukawa wewe mwenyewe.

Sasa CV, na hapa ndipo wapishi wetu wengi huangukia. CV yangu ya zamani ilisema mimi ni mbunifu, nina ari, napenda kufundisha vijana. Hakuna aliyejibu. Mpishi mkuu haajiriwi kwa mkono wake wa kukaanga. Anaajiriwa kulinda pesa za jiko. Niliiandika upya kwa kurasa mbili, na chini ya kila kazi nikaweka mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: hoteli ina vyumba vingapi, migahawa mingapi, sahani ngapi hutoka siku ya kawaida na siku iliyojaa, wapishi wangapi chini yangu, mauzo ya chakula kwa mwaka, na asilimia ya gharama ya chakula nilipoingia na nilipotoka. Ukisema uliishusha kutoka 36 hadi 31, andika pia ulivyoishusha: kupima samaki mlangoni badala ya kuamini risiti, kupunguza trei za bafe baada ya saa tatu usiku, kuandika karatasi ya gharama kwa kila sahani. Nambari isiyo na maelezo utaulizwa, na ukibabaika hapo mazungumzo yamekwisha.

Ukubwa wa jiko nao husomwa kabla ya cheo. Mtu aliyekuwa mpishi mkuu wa loji ya mahema 40 akiomba hoteli ya vyumba 400 atapewa, akibahatika, usaidizi. Si dharau. Hajawahi kuendesha huduma ya vyumbani ya saa 24, karamu ya watu 600 na migahawa minne kwa wakati mmoja. Omba hoteli ya ukubwa unaokaribia uliokwisha kuushika, au kubali cheo cha msaidizi mkuu kwenye kubwa zaidi. Njia iliyo fupi kuliko zote ni kuhamishwa ndani ya kampuni moja: ukiwa kwenye hoteli ya Nairobi au Zanzibar iliyo chini ya jina la kimataifa, nafasi za hoteli zao za Ghuba hutangazwa ndani, na meneja wako mkuu anaweza kumpigia simu mwenzake. Sikuwa na njia hiyo, nikatumia kurasa za ajira za makampuni yenyewe, Hosco (mtandao wa ajira za hoteli) na LinkedIn. Kila wiki nilituma maombi machache, kila moja likiwa na mistari minne iliyoandikwa kwa ajili ya hoteli ileile, baada ya kusoma menyu zao. Msimu wa wageni kule ni wakati wa baridi, takriban Oktoba hadi Aprili, hivyo Julai hadi Septemba ndipo jiko lenye pengo huhangaika kulijaza. Hoteli zinazojengwa nazo huajiri mpishi mkuu miezi kadhaa kabla ya mlango kufunguliwa, na hizo hazina mpishi wa zamani wa kulinganishwa naye.

Mahojiano ya kwanza yalikuwa ya video, na hayakugusa upishi. Niliulizwa hesabu. Mfano wa aina yake: changu mzima wa kilo 5 kwa shilingi 600 kilo. Ukishamparua, kumtoa mifupa na ngozi, unabaki na nyama asilimia 45. Kilo ya minofu basi si 600, ni 600 gawanya kwa 0.45, yaani 1,333. Kipande cha gramu 180 ni shilingi 240. Weka 110 za viambato vingine, sahani imekula 350. Ukilenga gharama iwe asilimia 30 ya bei, bei kabla ya kodi ni 1,167. Wanaoshindwa swali hili ni wale wanaozidisha 600 kwa 0.18 na kupata 108, kisha wanashangaa mwisho wa mwezi faida imekwenda wapi.

Kwa Dubai kuna kigingi cha ziada. Bei iliyo kwenye menyu ya hoteli kwa kawaida tayari imebeba huduma asilimia 10, ada ya manispaa 7 na VAT 5. Sahani ya dirham 122 inaingiza kama 100 tu, na asilimia ya gharama hupigwa kwenye hiyo 100. Ukipiga kwenye 122 utaonekana hodari kwa makosa.

Baada ya hesabu huulizwa Ramadhani: bafe ya futari ya watu mia tano hupangwaje, na baki linakwenda wapi. Hapa mtu wa Pwani ana jibu la nyumbani, alitumie bila haya. Huulizwa pia nguruwe na pombe. Hoteli nyingi zina jiko la nguruwe la pembeni, lenye vyombo vyake na friji yake, na Mwislamu atajibu wazi kwamba anasimamia utaratibu bila kuonja, na kwamba kuna msaidizi wa kuonja. Jibu hilo halijanizuia popote. Kuficha ndiko kunakozuia.

Jaribio la kupika likija, huwa ni kikapu cha vitu usivyovijua na muda wa saa kama tatu. Sikupika vya kushangaza. Nilipika vichache, nikatoa kwa wakati, nikaacha meza safi na kukabidhi karatasi ya gharama ya kila sahani. Mwenye kuonja anatazama pia pipa lako la taka.

Ofa ikafika. Hapa soma polepole, maana maneno machache yanahamisha pesa nyingi. Tuseme jumla ni dirham 15,000. Swali ni mshahara wa msingi ni upi, maana kiinua mgongo hupigwa kwa msingi, si kwa jumla: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, ukishatimiza angalau mwaka mmoja. Msingi ukiwa 9,000, mwaka unakuwekea 6,300. Ukiwa 6,000, ni 4,200. Jumla ileile, na kwa miaka mitano umepoteza 10,500. Niliomba msingi upandishwe na posho ya nyumba ishushwe, wakakubali bila ubishi kwa sababu mshahara wa mwezi kwao haukubadilika.

Tiketi ya likizo ya kila mwaka isipoandikwa haipo. Sheria inazungumzia ya kukurudisha kwenu mkataba ukiisha. Bima ya afya yako Dubai ni juu ya mwajiri, ya mke na watoto ni ya kujadiliana. Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na ukitaka kurudi nyumbani ndani yake unatoa notisi ya siku 14. Kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa mshindani kisizidi miaka 2, nacho kiseme eneo na aina ya kazi. Mengi ya haya yamo kwenye sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, namba 33 ya 2021, inayotumika tangu Februari 2022, na kifungu cha 6 kinakataza mwajiri kukutoza gharama za kukuajiri, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo anayekudai "pesa ya viza" amejitambulisha mwenyewe.

Ukipitia wakala, hakikisha leseni yake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwa Kenya, au kwa ofisi ya serikali inayosimamia ajira kama uko Tanzania, na umpigie simu meneja wa hoteli kwa namba iliyo kwenye tovuti ya hoteli, si ile iliyo kwenye barua ya ofa. Baruapepe ya mwajiri wa kweli huishia kwa jina la kampuni. Na usikubali kabisa kuambiwa "njoo na viza ya matembezi, tutaibadilisha ukifika". Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa, na tangu 2024 faini ya mwajiri ni kuanzia dirham 100,000 hadi milioni moja. Mwajiri mwenye akili hathubutu, anayethubutu ana sababu zake.

Barua ya hoteli peke yake haitoshi. Kabla ya viza utapewa ofa rasmi ya wizara ya kazi yao, MOHRE, yenye namba ya muamala unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya wizara. Linganisha ofa hiyo na barua ya hoteli mstari kwa mstari: cheo, msingi, posho. Mkataba wa mwisho hauruhusiwi kuwa chini ya ofa hiyo. Ukishasaini, mwajiri hukuombea kibali cha kazi na kibali cha kuingia, ambacho una siku 60 za kukitumia. Usiache kazi ya nyumbani kabla kibali hakijafika mkononi, hata ukiahidiwa vipi.

Ukitua, mambo huenda upesi: kipimo cha damu na picha ya kifua, alama za vidole za kitambulisho cha Emirates, kisha ukaazi wa miaka miwili. Kifua kikuu ndicho kinachowashtua watu, hivyo piga eksirei nyumbani kabla ya kununua hata sanduku. Pasi ni yako, mwajiri haruhusiwi kuishika, ingawa wataiomba siku moja mbili kwa makaratasi. Mshahara lazima upite kwenye mfumo wa wizara wa kulinda mishahara, kwa hiyo fungua akaunti ya benki wiki ya kwanza. Na lipa mwenyewe bima ya kupoteza kazi: dirham 5 kwa mwezi kama msingi hauzidi 16,000, na 10 ukizidi. Idara ya wafanyakazi mara nyingi husahau kukukumbusha, na faini ya kutojiandikisha ni dirham 400.