Nilivyopima ukakamavu wa aorta kwa eko bila kuiamini presha ya kwenye faili

"Wewe piga picha, presha ichukue kwenye faili." Huo ndio ushauri niliopewa nilipoanza kupima ukakamavu wa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, kwa eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti. Aliyenipa namheshimu kwa mengi, ila kwa hili hapana.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto, unaitafuta aorta, ateri kuu ya mwili, pale inapochomoza kwenye moyo, unapitisha mstari wa M-mode (unaoonyesha kuta zikisogea kadiri muda unavyopita) kama sentimita 3 juu ya vali, unasoma kipenyo moyo ukisukuma na kipenyo moyo ukilegea. Mshipa wenye afya hutanuka na kurudi. Ule uliopigwa na presha miaka nenda miaka rudi, nyuzi zake za elastini, zile zinazovutika, zimekatika na kolajeni, ile ngumu, imejaa, hutikisika kidogo tu. Ukishajua umetanuka kwa kiasi gani, unaingiza namba mbili za presha, hesabu inakupa faharasa ya ukakamavu: ikiwa kubwa, mshipa ni mkakamavu zaidi.

Sasa angalia. Kipenyo 32 mm, kikitanuka 34. Faili inasema 170/90, iliyopimwa mapokezi, mtu bado anahema. Faharasa: 10.2. Mtu huyohuyo, ametulia kitandani, 146/88. Faharasa: 8.1. Picha ni ileile! Na kama mkono wako ni mzito, ukasoma 33 badala ya 32, inaruka hadi karibu 17. Milimita 1 tu. Ndiyo maana mstari lazima uzikate kuta za mshipa wima. Mstari ukiinama upande, kipenyo kinakudanganya. Mwambie mgonjwa atoe pumzi na aizuie kidogo, picha isiogelee.

Basi nikaihamishia mashine ya presha kitandani, nikidhani nimemaliza kazi. Mama mmoja, akiwa chali, alisoma 152/94. Nikamgeuza ubavu, nikafunga mkanda mkono wa kulia, nikapima tena: 136/79. Sista akatabasamu, "Dawa imefanya kazi hiyo." Dawa ipi, ndani ya dakika chache? Nikachukua rula. Mkono ulikuwa umelala juu ya ubavu, kama sentimita 20 juu ya usawa wa moyo. Kila sentimita 10 mkono unapopanda juu ya moyo, usomaji hushuka karibu milimita 8 za zebaki. Hesabu ikajibu yenyewe, na sista akaomba rula ajipimie.

Tangu hapo nafanya hivi, na najivunia kabisa: mgonjwa chali, mkono umeegemezwa kwenye shuka lililokunjwa hadi katikati ya kifua, napima. Anageuka, napiga picha. Anarudi chali, napima tena, nachukua wastani. Vipimo viwili hivyo vikipishana sana, tunaanza upya, na foleni ya nje inanung'unika. Gharama yake ni shuka moja na uvumilivu.

Kahawa na sigara, nusu saa kabla, hapana. Aende haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kuongea nako hupandisha, na wazee ndio wanaonipa kazi: "Mzee wangu, hiyo habari ya shamba nitaisikiliza nikishamaliza." Anakubali, kisha anaendelea. Vipenyo nasoma mapigo kadhaa nikifuata ECG, mchoro wa umeme wa moyo, kile cha kulegea pale QRS, mchomo wake mkubwa, inapoanza, siyo pale panapopendeza macho.

Kuna mwenzangu anayepima mwendo wa wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kinenani, ambao ukizidi mita 10 kwa sekunde huhesabiwa kuwa ateri zimeshaumia. Kipimo chake ndicho cha rejea, sibishani, ingawa cha kwangu anakiita bahati nasibu. Lakini mgonjwa wa presha tayari yuko kwenye kitanda changu, amekuja kupimwa unene wa ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, jeli ipo kifuani. Kumwongezea aorta ni dakika chache.

Ninachodai ni mstari mmoja tu kwenye ripoti: presha ilikuwa ngapi, ilipimwa lini, na mkono ulikuwa wapi. Ripoti ikija bila mstari huo, hata ikiwa imesainiwa na mkubwa wangu, nairudisha.