Siku moja na majedwali yanayokua: kazi ya msimamizi wa kanzidata

Saa 12:30 asubuhi

Kabla sijatoka nyumbani Kimara huwa nimeshasoma namba za usiku. Nasimamia kanzidata za kampuni inayopokea malipo ya simu kwa niaba ya shule na maduka hapa Dar es Salaam, na tunatumia PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata. Kila siku saa 8 usiku kuna kazi ndogo inayojiendesha: inapita kila jedwali, inaita pg_total_relation_size inayotoa ukubwa wote wa jedwali, inaandika jibu na tarehe. Ni mistari michache tu ya SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, lakini sina chombo ninachokithamini kuliko hicho, kwa sababu PostgreSQL inakwambia ukubwa wa sasa hivi. Wa jana haiutunzi. Natumia hiyo yenye "total" kwa makusudi. Ile pg_relation_size huhesabu data kuu peke yake, ikaacha indeksi zote (orodha za kutafutia rekodi haraka) na thamani ndefu zinazowekwa pembeni kwenye TOAST.

Saa 2:15

Ofisini napanga majedwali kwa kasi ya kukua, ukubwa nauweka kando. Jedwali la miamala ndilo kubwa kuliko yote na halininyimi usingizi: shule zikifungua linapanda, katikati ya muhula linatulia. Lililoruka ni jingine, linalotunza majibu ya mitandao ya simu. Data yake kuu imeongezeka kidogo. Karibu ongezeko lote liko TOAST. PostgreSQL hupanga data kwenye kurasa za kilobaiti 8, na rekodi ikizidi takriban kilobaiti 2, thamani ndefu hubanwa au kuhamishiwa pembeni. Kwa hiyo kuna mtu ameanza kuhifadhi kitu kirefu. Namfuata kijana wa timu ya malipo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Toleo la wiki iliyopita liligusa majibu ya mitandao?"

"Ndiyo dada. Sasa tunaweka jibu zima, JSON yote, mteja akilalamika tuone kilichotokea."

"Na mteja hulalamika baada ya muda gani?"

Anafikiri kidogo. "Siku mbili, tatu. Mwezi ukipita sijawahi kuona."

Sababu yake ni nzuri na sitaki aiondoe. Kinachokosekana ni tarehe ya mwisho ya hiyo data. Kwangu hili ndilo kubwa katika kazi nzima: siku jedwali linapoundwa, tukubaliane siku hiyohiyo rekodi zake zitakaa muda gani. Miaka miwili baadaye aliyelianzisha ameshahama kampuni, na hakuna anayethubutu kufuta asichokijua.

Saa 4

La pili kwenye orodha ni foleni ya ujumbe mfupi. Rekodi zake hai ni chache, gigabaiti nyingi. Natazama n_dead_tup kwenye pg_stat_user_tables na jibu liko pale: rekodi mfu zimejaa. UPDATE kwenye PostgreSQL huandika toleo jipya la rekodi, la zamani likabaki palepale hadi VACUUM ije kulisafisha. Kwa mipangilio ya kawaida autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha, husubiri rekodi mfu 50 ukijumlisha asilimia 20 ya jedwali. Kwa foleni hii nilishaishusha hiyo asilimia ifike 1, na naona imepita mara nyingi tangu usiku. Inapita, haiondoi kitu.

Hapo usiendelee kuchezea autovacuum. Nenda pg_stat_activity, orodha ya vipindi vilivyounganishwa, utafute kilichoandikwa "idle in transaction", yaani kina muamala wazi lakini hakifanyi kitu. Nakikuta: programu ya ripoti ilifungua muamala wa kanzidata wa REPEATABLE READ, unaoendelea kuona data ileile hadi ufungwe, jana jioni, ikasoma, haikuufunga. Muamala wa zamani ukiwa wazi, VACUUM hairuhusiwi kuondoa toleo ambalo muamala huo bado unaweza kuliona, hata kama kwenye jedwali hilo haujagusa chochote. Nawapigia wenye ripoti, wanathibitisha kwamba hawakihitaji, nakikata kwa pg_terminate_backend. Kisha namwekea mtumiaji wa ripoti idle_in_transaction_session_timeout ya dakika 10, inayokata kipindi cha aina hiyo. Autovacuum inayofuata inasafisha. Faili halipungui, ila nafasi iliyo ndani sasa itatumika tena, na kwa foleni hiyo inatosha.

Saa 6 mchana

Kikao. Mhasibu mkuu, mzee ninayemheshimu sana, anauliza kwa nini tusifute tu miamala ya zamani ili diski ipumue. Namweleza taratibu. DELETE hairudishi nafasi kwenye diski. VACUUM ya kawaida hurudisha tu kurasa tupu zilizo mwishoni mwa faili. VACUUM FULL huirudisha yote, lakini hufunga jedwali lisisomwe wala kuandikwa, na huhitaji nafasi ya nakala nzima ya pili, wakati tunaifikiria kwa sababu nafasi imekwisha. Ipo pg_repack, programu ya nyongeza inayofunga kwa muda mfupi tu, lakini nayo inataka nafasi hiyohiyo.

"Basi mwanangu, tufanyeje?"

Tugawe jedwali kwa miezi. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, PostgreSQL ina partisheni za kutangazwa, yaani vipande vya jedwali moja, na kuondoa mwezi mzima ni DROP moja inayorudisha nafasi papo hapo. Muda wa kutunza hausemwi na mimi. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki majina na namba za watu zikae bila sababu. Tunakubaliana: miamala miaka 5, majibu ghafi ya mitandao siku 60. Mzee anaandika kwenye daftari lake, na mimi naomba iingie kwenye muhtasari wa kikao.

Saa 8

Wali maharage, haraka. Kisha indeksi. Kwenye pg_stat_user_indexes natafuta zenye idx_scan sifuri, yaani hazijatumika kutafutia. Zipo kadhaa, moja kubwa. Kabla ya kuifuta nakwenda kuangalia replika, seva yenye nakala ya kanzidata, maana kila seva hujihesabia yenyewe. Indeksi inayoonekana haina kazi kwenye seva kuu huenda ndiyo inayobeba ripoti zote kule. Na kweli, inatumika. Inabaki.

Saa 10 jioni

Narekebisha tahadhari. Ya zamani hulia diski ikifika asilimia 80, namba isiyosema kama umebakiwa na mwaka au wikendi moja. Mpya inagawa nafasi iliyobaki kwa ongezeko la wastani la wiki mbili na kulia zikibaki siku 45, muda unaotutosha kununua diski bila kukimbizana. Slot za replika, zinazokumbuka kila replika imefikia wapi, zina tahadhari yake, kwa sababu replika ikikatika, WAL, faili za kumbukumbu ya mabadiliko, hurundikana kwenye seva kuu bila jedwali lolote kukua.

Saa 11

Mimi na kijana tunaandika jedwali jipya la majibu, limegawanywa kwa mwezi. Ufunguo mkuu, unaotambulisha kila rekodi, lazima ujumuishe tarehe, kwa hiyo anabadilisha msimbo wake kidogo. Partisheni za miezi mitatu mbele tumeziunda tayari, kwani INSERT isiyo na partisheni yake hukataliwa. La zamani litakaa siku 60, kisha DROP. Mabadiliko yanapandishwa saa 5 usiku, malipo yakiwa machache. Yeye atakuwa kwenye logi, mimi kwenye kanzidata.