Nilivyokusanya Fuwele za Diopsidi Nikiwa Nairobi

Mkusanyo wangu wa fuwele za diopsidi unakaa katika kabati la mbao lenye droo nyembamba, ambalo fundi seremala wa Gikomba alinitengenezea kwa vipimo nilivyompa. Ndani yake mna mawe ya Tanzania, Italia, Kanada, Marekani, Urusi, Ufini, Afghanistan na India, na yote yamefika hapa Nairobi kwa mshahara wa mwalimu wa kemia. Wanaofahamu bei ya madini ya maonyesho huniuliza fedha zilitoka wapi. Ukweli ni kwamba mengi ya mawe hayo sikuyanunua, bali niliyapata kwa kubadilishana, na kubadilishana huko kuliwezekana kwa sababu naishi safari ya siku moja tu kutoka machimbo yanayotoa baadhi ya diopsidi nzuri kuliko zote duniani.

Diopsidi ni silikati ya kalsiamu na magnesiamu, CaMgSi₂O₆. Mwamba wa dolomaiti unapokutana na silika katika joto kubwa chini ya ardhi, diopsidi huundika na gesi ya kaboni dioksidi hutolewa. Ni mmenyuko ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuusawazisha, na nimewaandikia wanafunzi wangu ubaoni mara nyingi. Ikiwa safi, fuwele yake huwa nyeupe au haina rangi kabisa. Chuma kikiingia mahali pa magnesiamu, rangi huelekea kijani kibichi, kisha kijani kilichoiva, hadi kufikia weusi wa hedenbagaiti, madini ndugu yake. Kromiamu na vanadiamu huipa kijani king'avu kinachovutia macho hata kwa mbali, nayo manganizi huifanya iwe na rangi ya zambarau. Kwa hiyo madini haya moja hubeba habari za mazingira mengi: marumaru iliyookwa, mwamba wa serpentini uliopitiwa na maji yenye kalsiamu, na hata kimbalaiti, mwamba unaoleta almasi juu kutoka kina kirefu, ambamo wachunguzi hutafuta punje za diopsidi ya kromiamu kama dalili ya kwamba almasi huenda iko karibu. Hiyo ndiyo sababu nilichagua madini moja badala ya kujaza kabati kila jiwe linalometameta. Mkusanyo wa aina moja humlazimisha mtu kulinganisha, na katika kulinganisha ndiko ninakojifunza.

Msingi wa kazi yote ulikuwa Mirerani, katika wilaya ya Simanjiro kaskazini mwa Tanzania. Eneo hilo linajulikana kwa tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967, lakini mwamba uleule wenye grafaiti, kaboni nyeusi na laini, hutoa pia madini mengine: tsavoriti, prenaiti, na diopsidi ya kijani yenye nyuso laini na ncha kamili. Wachimbaji wanafuata tanzanaiti, na ndiyo inayowalipa. Diopsidi hutoka pamoja nayo, na kwa muda mrefu bei yake ilikuwa nafuu ukilinganisha na uzuri wake. Nilianza kwa kupanda basi la Namanga hadi Arusha wakati wa likizo za shule na kuwatembelea wauza vito wenye leseni. Mmoja wao, mzee mwenye subira nyingi, ndiye aliyenifunza soko. Nilipomwamkia, "Shikamoo, mzee," aliitikia marahaba, akanikalisha, kisha akaniuliza kwa nini sitaki jiwe la kuchonga. Nilimweleza kwamba ninataka fuwele jinsi ilivyotoka ardhini, ikiwezekana ikiwa bado juu ya mwamba wake. Akacheka kidogo na kuniambia, "Basi, mwalimu, wewe unataka kile ambacho vijana huvunja ili wapate kito." Tangu siku hiyo aliwaambia madalali wake wamletee diopsidi nzima bila kuitenganisha na mwamba, na aliniwekea.

Sharti langu la kwanza lilikuwa karatasi. Nilitaka stakabadhi na kibali cha kuyatoa mawe nchini, na mzee alivishughulikia yeye mwenyewe kwa kuwa anazijua taratibu. Tangu mwaka 2018 eneo la machimbo limezungushiwa ukuta wa kilomita zipatazo 24, na mtu anayenunua jiwe la Mirerani pembeni mwa barabara hana namna ya kuthibitisha kwamba limepita njia halali. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka kibali kwa anayesafirisha madini nje ya nchi, hivyo kabla ya kutuma kifurushi cha kwanza nilikwenda Madini House, Barabara ya Machakos, nikauliza hatua zote na kuziandika. Ni kazi inayochosha, lakini nisingependa kumiliki jiwe ambalo siwezi kueleza lilivyofika kwangu.

Utambuzi ndio unaohitaji umakini zaidi. Jiwe la kijani kutoka kaskazini mwa Tanzania linaweza kuwa diopsidi, tsavoriti, tumalini au trimolaiti, na muuzaji asiye makini atalitaja kwa jina lenye bei kubwa zaidi. Mimi hutumia lenzi ya mkono na mizani ndogo ya sonara. Kwanza hutazama umbo: ukiiwazia diopsidi imekatwa ubavu hadi ubavu, mkato huonyesha karibu mraba au pembe nane, tumalini huelekea umbo la pembetatu iliyovimba na huwa na mistari mingi ya urefu, nayo tsavoriti, kwa kuwa ni aina ya ganeti, haiwi na umbo refu hata kidogo. Pili hutafuta mipasuko, yaani nyuso bapa ambazo fuwele hupenda kuvunjikia. Diopsidi hupasuka katika pande mbili zinazokutana kwa takriban nyuzi 87 na 93, karibu pembe mraba, ilhali trimolaiti hukutana kwa takriban nyuzi 56 na 124. Kipande kidogo kilichovunjika kinatosha kuonyesha tofauti hiyo. Tatu, ikiwa fuwele ni angavu, hutazama ukingo wake wa nyuma kupitia upande wa mbele. Katika diopsidi ukingo huo huonekana mara mbili ukitazamwa kutoka upande ufaao, kwa sababu mwanga hugawanyika ndani yake. Katika tsavoriti hubaki mmoja.

Mwisho kuna uzito mahususi, yaani uzito wa jiwe ukigawanywa kwa uzito wa maji ya ujazo uleule, kipimo ninachokiamini zaidi kwa fuwele isiyo na mwamba. Hupima jiwe likiwa kavu. Kisha huweka glasi ya maji juu ya mizani, huirudisha mizani kwenye sifuri, na kulining'iniza jiwe majini kwa uzi mwembamba bila kugusa kitako wala kando. Namba inayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Jiwe la gramu 13.2 likisukuma gramu 4.0 za maji, uzito wake mahususi ni 3.3, na hapo ndipo diopsidi inapokaa, kati ya 3.2 na 3.4. Tsavoriti hufika 3.6, nayo glasi ya kawaida hushuka hadi karibu 2.5. Kipimo hiki hakiligharimu jiwe chochote, tofauti na jaribio la kukwaruza, ambalo sipendi kulifanya kwenye kielelezo kizuri.

Nilipokuwa na fuwele kadhaa za Mirerani zilizozidi haja yangu, nilianza kuwaandikia wakusanyaji wa nchi nyingine. Niliwapigia picha mawe karibu na dirisha, kwa mwanga wa asubuhi usio wa jua moja kwa moja, nikiweka rula pembeni na kuonyesha kila upande, hasa upande wenye kasoro. Ninaamini picha ya kasoro ndiyo inayojenga uaminifu; mtu akishaona kwamba umemwonyesha pale ncha ilipomeguka, hukubali maneno yako kuhusu yale asiyoyaona. Thamani tuliipatana kwa mazungumzo, kielelezo kwa kielelezo, na hakuna aliyemtumia mwenzake kabla ya wote wawili kuridhika.

Kielelezo cha kwanza kupokea kwa njia hiyo kilitoka Val d'Ala, bonde la Piemonte nchini Italia. Ni fuwele ndefu za kijani hafifu, karibu angavu, zikiwa zimesimama pamoja na ganeti nyekundu ya rangi ya chungwa na klinoklori ya kijani iliyoiva. Bonde hilo limo katika historia ya madini haya tangu mwanzo wa karne ya 19, wakati fuwele zake zilipoelezwa kwa jina la alalaiti, kabla ya kueleweka kwamba ni diopsidi. Nikikiweka kando ya kielelezo cha Mirerani, ninaona tofauti ambayo hakuna kitabu kilichowahi kunifafanulia vizuri hivyo: kile cha Alpi ni chembamba na chenye rangi hafifu, kwa kuwa kilikua katika nyufa za mwamba uliobadilishwa na maji yenye kalsiamu, kile cha Mirerani ni kinene, chenye kijani kilichokolea, na grafaiti imekiachia vumbi jeusi kwenye mikunjo.

Kutoka Quebec, Kanada, nilipata diopsidi ya Jeffrey Mine, fuwele nyeupe zenye kijani kidogo zilizoambatana na ganeti. Hapa ninasisitiza tahadhari. Jeffrey Mine ulikuwa mgodi wa asbesto, na mji wenyewe uliitwa Asbestos hadi mwaka 2020 ulipobadilishwa kuwa Val-des-Sources. Nyuzi za krisotili, aina ya asbesto yenye madhara kwa mapafu, zinaweza kubaki kwenye mwamba wa kielelezo. Kwa hiyo jiwe la huko halipigwi brashi likiwa kavu, halipulizwi, na halikatwi nyumbani. Langu nililifungua nje, nikalilowesha, nikalikagua kwa lenzi, na sasa linakaa katika kisanduku chake chenye mfuniko angavu ambacho watoto hawakifungui.

Kigumu kuliko vyote kupatikana kilikuwa kielelezo cha De Kalb, katika kaunti ya St. Lawrence, jimbo la New York. Huko kulitoka fuwele nene, angavu, za kijani cha chupa, zilizosifiwa tangu karne ya 19, na nyingi ya zile nzuri sasa zimo katika makumbusho au katika mikusanyo ya zamani. Nilisubiri hadi mkusanyaji mmoja alipokuwa akipunguza mkusanyo wake, na aliomba jiwe bora la Mirerani nililokuwa nalo. Nilimpa. Fuwele niliyopokea ni ndogo, imelika kidogo usoni, lakini ilikuja na lebo tatu za wamiliki waliotangulia, zote zikitaja De Kalb. Nilizihifadhi pamoja na jiwe, kila moja katika mfuko wake, kwa sababu jiwe la De Kalb lisilo na lebo ni fuwele ya kijani tu. Kwa msimamo huohuo, kila jiwe langu la Mirerani lina kadi inayotaja kitalu, yaani sehemu ya machimbo, lilikotoka ikiwa kinajulikana, mwaka, na mtu aliyeniuzia. Ninapoambiwa "limetoka Mirerani" bila kitalu, huandika hivyo tu na siongezi lolote.

Kuhusu usafiri, mimi hutumia Posta Kuu ya Kenyatta Avenue kwa vifurushi vya kutuma na kupokea. Kila jiwe hufungwa kwa karatasi laini, kisha sifongo, kisha kisanduku kigumu ndani ya kisanduku kikubwa zaidi, kwa maana diopsidi hupasuka kwa urahisi kwenye mipasuko yake hata kama ugumu wake, 5.5 hadi 6.5 katika kipimo cha Mohs, unaonekana kutosha. Katika fomu ya forodha huandika jina la madini, uzito, thamani halisi, na kwamba ni vielelezo vya mkusanyo. Afisa akitaka kufungua, huomba nifungue mwenyewe mbele yake, na sijawahi kukataliwa.

Usafi nao una adabu yake. Grafaiti huondoka kwa maji vuguvugu, sabuni na brashi ya nywele laini. Kalsaiti iliyofunika fuwele naiyeyusha kwa siki nyeupe, ambayo diopsidi haiijali. Lakini kwanza hukagua kama kuna madini ya apataiti karibu, kwa kuwa asidi huila, na hujiuliza kama kalsaiti yenyewe haipambi kielelezo zaidi ikiachwa.

Mengine yalikuja kwa wepesi: punje za kijani kikali kutoka Inagli, Yakutia nchini Urusi, kipande cha Outokumpu, Ufini, fuwele fupi za Slyudyanka karibu na Ziwa Baikal, na diopsidi ya Sar-e-Sang, Badakhshan nchini Afghanistan, iliyokaa karibu na samawati ya lazuraiti. Kutoka India nina jiwe moja lililochongwa, diopsidi nyeusi yenye nyota ya miale minne inayosababishwa na sindano za magnetaiti ndani yake. Nimelipokea kwa sababu nyota hiyo haionekani bila kuchongwa. Fundi wa vito wa Biashara Street aliwahi kunishauri nimwachie fuwele yangu kubwa ya Mirerani ili anitolee vito viwili vya pete. Nilimshukuru na kukataa, kwa kuwa diopsidi ni laini mno kwa pete ya kila siku, na fuwele nzima yenye ncha ni adimu kuliko kito.

Droo ya chini bado ina nafasi ya violani, diopsidi ya zambarau ya mgodi wa Praborna, Saint-Marcel, katika Valle d'Aosta. Nimeshaiandikia kadi nusu, jina la madini na mahali, na nimetenga kielelezo kimoja cha Mirerani chenye ncha mbili kamili kwa ajili ya mtu atakayekuwa nayo na kukubali kubadilishana.