Nilivyosomea jenetiki kwa maharage ya Umalila

Vijana wa Mbeya wanaotaka kusoma uzamili wa jenetiki hunipigia simu na karibu wote huanza na maabara. Mashine zipo? Umeme unakatika? Kemikali zinatoka wapi? Mimi huwarudisha shambani kwanza. Katika utafiti wangu wote, kazi iliyobeba nyingine zote ilikuwa kutazama jani la haragwe lenye ugonjwa na kulipatia alama sahihi ya ukali wa ugonjwa. Alama ikikosewa, jeni unayoitafuta hutaipata, hata ukipewa mashine zote za dunia.

Nimekulia Umalila, huko juu milimani Mbeya, ambako ukungu huweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Maharage ndiyo yaliyonisomesha. Aina inayopendwa kwetu ni Kablanketi, kwa sababu inaiva haraka, mchuzi wake ni mzito, na wanunuzi wa soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, wanaijua kwa macho. Shida yake ni madoa pembe. Kuvu inayoleta ugonjwa huu, *Pseudocercospora griseola*, inapenda ubaridi wa wastani na unyevu mwingi, yaani hali ya hewa ya kwetu hasa. Inaingia kwenye jani na kusambaa mpaka ikutane na mishipa ya jani, na kwa kuwa haiivuki kirahisi, doa linabaki na kona kama kipande cha kioo kilichovunjika. Baada ya hapo majani yanapukutika kabla maganda hayajajaa. Kuvu hukaa kwenye mabaki ya mazao na kwenye mbegu, kwa hiyo anayepanda mbegu aliyojiwekea mwenyewe anaweza kuwa anapanda na ugonjwa.

Swali langu lilikuwa fupi: Kablanketi inaweza kupewa ukinzani dhidi ya madoa pembe bila kupoteza ladha na rangi yake? Na ukinzani huo unarithiwa vipi?

Kabla sijajaza fomu yoyote ya chuo, nilitafuta msimamizi. Hapa nataka kukaa kidogo, maana naona wengi wanafanya kinyume: wanapata nafasi ya masomo, wanamaliza mwaka wa madarasa, ndipo wanaanza kuzunguka kwenye korido wakiuliza nani atawasimamia. Mimi nilisoma kwanza kazi ambazo wahadhiri walikuwa wamechapisha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, kina historia ndefu ya maharage. Aina kama SUA 90 na Rojo zilitoka mikononi mwa watafiti wake. Nilitaka kujua nani bado anafanya kazi hiyo, anatumia vifaa gani, na wanafunzi wake waliotangulia waliishia wapi. Kisha nikaandika barua ya nusu ukurasa: zao, ugonjwa, mahali, swali. Sikuweka sifa zangu wala shida zangu.

Jibu la Profesa lilikuwa fupi kuliko barua yangu. "Mwanangu, swali lako lina mzazi mmoja tu. Mwingine yuko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kablanketi ni mzazi anayeugua. Ili ujue ukinzani unarithiwaje, sharti uwe na mzazi asiyeugua, halafu uwachanganye na kuwafuatilia watoto na wajukuu. Nikaenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kule Mbeya, nikaeleza nilichotumwa. Daktari mmoja pale, mtafiti wa maharage, alinisikiliza hadi mwisho akaniambia, "Binti, anza na Mexico 54." Hii ni aina inayojulikana miongoni mwa watafiti wa maharage duniani. Ukinzani wake dhidi ya madoa pembe unaongozwa na jeni moja tawala (nakala moja tu inatosha kuleta ukinzani) iitwayo Phg-2, iliyo kwenye kromosomu ya nane kati ya jozi 11 za haragwe.

Kwa nini Mexico 54 na si aina nyingine yoyote iliyo nzuri? Jibu lake ni sehemu ya jenetiki niliyoipenda kuliko zote. Haragwe lilifugwa na binadamu mara mbili, katika sehemu mbili tofauti za Amerika: mara moja huko Mexico na Amerika ya Kati, mara nyingine kwenye milima ya Andes. Yale ya Andes kwa kawaida yana punje kubwa, na mengi ya maharage tunayoyapenda Nyanda za Juu Kusini ni ya ukoo huo. Kuvu ya madoa pembe nayo ilijifunza kila ukoo mahali pake. Kuvu ya upande wa Andes hushambulia zaidi maharage ya Andes, ilhali ya upande wa Amerika ya Kati hushambulia koo zote mbili, ingawa inayaumiza zaidi ya kwao. Mtu akitafuta kinga ya haragwe la Andes, basi, ana sababu nzuri ya kuvuka kwenda ukoo wa pili, na Mexico 54 inatoka huko. Siku nilipolielewa hilo nilitamani kulieleza kwa kila mtu kijijini, na kwa kweli nilijaribu.

Daktari wa Uyole akakubali kuwa msimamizi wa pili. Mpango huu ndio ulioniwezesha kumaliza. Profesa alibeba nadharia, takwimu na maabara, Daktari akabeba mimea, kuvu na shamba. Mwaka wa kwanza nilikaa Morogoro kwa madarasa. Uchavushaji haukufanyika huko, kwa sababu Morogoro iko chini na joto lake huangusha maua ya maharage. Uyole iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ua la haragwe linatulia pale.

Kuchavusha haragwe ni kazi ya vidole vitulivu. Haragwe hujichavusha lenyewe kabla ua halijafunguka, kwa hiyo lazima umuwahi. Unachagua chipukizi la ua lililonenepa, ambalo lingefunguka kesho yake, unalifungua kwa kibano, na unaondoa stameni zote 10 kabla hazijamwaga chavua. Ukiacha hata moja, unaweza kupata mbegu ya mama peke yake ukadhani ni mchanganyiko. Kisha unachukua ua la mzazi dume lililofunguka asubuhi hiyo na kugusisha chavua yake kwenye stigma. Unafunga lebo ndogo: mama, baba, tarehe. Kati ya ua moja na jingine unafuta kibano kwa spiriti. Maua mengi yanaanguka tu, hata kwa mtu aliyezoea, kwa hiyo panga kuchavusha mengi zaidi ya unayohitaji. Nilitumia Kablanketi kama mama na Mexico 54 kama baba, kwa sababu jeni ninayoifuata ikitoka kwa baba, mtoto mwenye alama ya vinasaba ya jeni hiyo hawezi kuwa ametokana na mama kujichavusha.

Watoto wa kwanza, F1, wote wana nakala moja ya Phg-2 na wote wanastahimili, maana jeni ni tawala. Wajukuu, F2, wanaopatikana F1 ikijichavusha, ndiyo wanaosema ukweli. Kama ni jeni moja, basi katika kila mimea minne utarajie mitatu inayostahimili na mmoja unaougua. Hesabu hii Mendel aliichapisha mwaka 1866 kutokana na njegere alizopanda Brno, na bado tunaitumia bila kuibadilisha.

Sasa turudi kwenye alama. Kuvu yenyewe hukua polepole sana kwenye sahani za maabara, na inahitaji wiki mbili hivi kabla ya kupata mbegu zake za kutosha. Tulizichanganya na maji, tukanyunyiza kwenye miche, tukafunika kwa nailoni ili unyevu usitoke. Siku za kwanza huoni kitu. Madoa huanza kuonekana baada ya siku kumi hivi, na unaendelea kupima mpaka karibu wiki tatu. Kipimo tulichotumia ni cha 1 hadi 9: moja ni jani safi, tisa ni jani lililoliwa na ugonjwa.

Mambo mawili tuliyoyafanya ndiyo yaliyoipa kazi yangu uzito, na nayasisitiza kwa yeyote anayeanza. Kwanza, mpaka kati ya mmea unaostahimili na unaougua tuliuandika kwenye daftari kabla ya kuhesabu mmea hata mmoja. Alama 1 hadi 3 tuliita kustahimili, kuanzia 4 tuliita kuugua. Mtu akisubiri kuona takwimu ndipo aweke mpaka, anaweza kuusogeza mpaka apate uwiano anaoutaka, na wala asijue kwamba amejidanganya. Pili, kila mmea ulipimwa na watu wawili wasioonyeshana karatasi: mimi na fundi wa shamba, mzee aliyefanya kazi na maharage tangu sijazaliwa. Jioni tulilinganisha. Pale tulipotofautiana tulirudi kwenye mmea wenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kugeuza jani, kwa sababu upande wa chini ndiko kuvu huonyesha ule uoto wake wa kijivu na mweusi, na ndiko unapoitofautisha na magonjwa mengine ya majani. "Dada, juu kunadanganya," alikuwa akisema.

Takwimu zilikuja baadaye na hazikuwa ngumu. Tuseme una mimea 200. Unatarajia 150 istahimili na 50 iugue. Ukipata 142 na 58, je, umekosa? Unachukua tofauti, ambayo ni 8, unaizidisha kwa yenyewe kupata 64, unaigawa kwa 150 na pia kwa 50, unajumlisha. Jibu ni kama 1.71. Kikomo cha jaribio hili, liitwalo chi-square, ni 3.84, kwa hiyo uwiano wa tatu kwa moja bado unakubalika. Nilifanya hesabu hizi kwa mkono kabla ya kuzifanya kwa programu ya kompyuta, na nashauri kila mwanafunzi afanye hivyo. Utetezi wa tasnifu unapofika, wakaguzi hawaulizi programu, wanakuuliza wewe. Mimea yangu iliukubali uwiano huo.

Maabara sasa. Majani machanga niliyakata Uyole na kuyaweka kwenye bahasha ndogo ndani ya chupa yenye silika, zile punje zinazonyonya unyevu. Jani likikauka haraka namna hiyo, vinasaba vyake vinabaki salama bila barafu. Kwangu hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu safari ya basi kutoka Mbeya hadi Morogoro ni ya kutwa nzima, kupitia Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga na mbuga ya Mikumi, na hakuna barafu itakayovumilia hilo. Kule maabara unasaga majani, unatoa vinasaba, unanakili kipande kimoja mara nyingi kwa mashine ya PCR, kisha unakipitisha kwenye jeli uone kama mstari upo au haupo. Mstari huo ndiyo alama ya vinasaba, tofauti na ile alama ya 1 hadi 9 ya shambani; niliyoitumia iko karibu na Phg-2, siyo jeni yenyewe. Kemikali ziagizwe mapema, miezi kabla, na kimeng'enya kikifika kiingie kwenye friza siku hiyohiyo.

Kwa kuwa alama ya vinasaba iko karibu tu na jeni, mara chache vinaachana wakati kromosomu zinapobadilishana vipande. Mmea unaweza kuwa na mstari kwenye jeli na bado ukaugua. Nilikutana na mimea ya namna hiyo. Mwanafunzi mwenzangu alinishauri niiamini jeli, Profesa akaniuliza tu, "Karatasi za alama za shambani zinasemaje?" Karatasi mbili, yangu na ya mzee, zilikubaliana kwamba mimea ile inaugua. Tukaiandika kuwa inayougua, na tasnifu ikapita hivyo.

Shahada nimepata, ila swali la mwanzo lilikuwa na nusu ya pili: ladha na rangi. F2 ni nusu Mexico, na mama yangu hawezi kuipeleka Mwanjelwa. Kwa hiyo tunairudisha kwa Kablanketi, yaani tunaichanganya nayo tena, kizazi baada ya kizazi. Ukiirudisha mara moja, wastani wa damu ya Kablanketi unafika asilimia 75, mara mbili 87.5, mara tatu 93.75. Kila kizazi tunapima alama ya vinasaba kwenye miche michanga, tunabakiza yenye mstari, kisha tunainyunyizia kuvu bila kuionea huruma. Nimeomba akina mama wa kikundi cha kwetu waje Uyole wakati wa mavuno wachague punje kwa macho yao na kuzipika, na Daktari amekubali kuwatengea mafiga na kuni. Mbegu watakazozikataa hazitaendelea, hata ziwe na ukinzani kiasi gani. Zitakazobaki zitapandwa Umalila, Mbozi na Rungwe, na zikifanya vizuri huko, zitapelekwa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kwa majaribio yanayotakiwa kabla aina mpya haijaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima.